Atropini usiku wa Jumamosi: kisa cha mfamasia anayesomea ubingwa ICU

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha mkulima aliyekunywa sumu ya kuulia wadudu na kutibiwa kwa atropini, kilichotokea katika hospitali moja ya rufaa nchini Tanzania. Majina yote yameondolewa, na umri wa mgonjwa, msimu na baadhi ya mambo yasiyogusa somo yamebadilishwa. Kimeandikwa kwa wafamasia wanaosomea shahada ya umahiri ya famasi ya hospitali na kliniki wanapofika zamu ya ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, na zaidi kwa wanaowasimamia. Wauguzi na madaktari wakikisoma watajiona humo pia.

Usuli

Mwanafunzi alikuwa mwaka wa pili, ambao ndio wa mwisho. Kabla ya kurudi chuo alikuwa amekaa miaka kadhaa kwenye dirisha la kutolea dawa, kwa hiyo stoo, fomu na tabia za hospitali alizijua kuliko wenzake waliotoka darasani moja kwa moja. Hilo lina uzito katika kisa hiki. Alikuwa wiki ya tatu ICU. Wodi ina vitanda sita na mashine nne za kupumulia, na pampu za sindano zinazofanya kazi huwa ni za kugombania. Msimamizi wake ni mfamasia wa kliniki anayegawanywa kati ya ICU, wodi ya watoto na vikao vya kamati ya dawa. Wikiendi anapatikana kwa simu.

Wanaosoma habari za mafunzo haya Marekani watauona utofauti. Huko mfamasia aliyehitimu anayechagua njia hii hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya jumla hospitalini, na akipata nafasi hufanya mwaka wa pili kwenye eneo moja tu, kama wagonjwa mahututi, akilipwa mshahara na akiwa chini ya wasimamizi waliopo wodini. Tangu 2015 wana pia mtihani wa bodi wa ubingwa wa famasi ya wagonjwa mahututi. Kwetu mwanafunzi mara nyingi anajilipia ada au anasubiri ya mwajiri, na mwajiri huyo huyo anampigia simu arudi kuziba pengo dirishani.

Kila anayetetea mafunzo haya hunukuu utafiti wa Boston uliochapishwa 1999: mfamasia alipoanza kushiriki raundi za ICU, madhara ya dawa yanayozuilika yaliyotokana na uandikaji wa dawa yalishuka kwa asilimia 66, kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulazwa. Tarakimu ni ya kweli na ni nzuri. Ila wanaoinukuu huruka sehemu moja: mfamasia yule alibaki wodini asubuhi baada ya raundi, na muda uliobaki wa siku alikuwa anaitika akiitwa. Hakuandika ushauri kwenye faili akaondoka.

Kuhusu sumu yenyewe, kwa kifupi. Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini mwilini. Asetilikolini inarundikana, tezi zinamwaga maji kila mahali, moyo unapunguza mwendo, mapafu yanajaa, kisha misuli inalegea. Atropini hukabili maji, mapafu na moyo. Misuli iliyolegea haiigusi. Asiyeitofautisha kazi hizi mbili atakuja kumtoa mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia mapema kuliko inavyofaa.

Mlolongo wa matukio

*Jumamosi alasiri.* Mwanamume wa makamo, mkulima wa nyanya, alifikishwa dharura kama saa 9 akitokea kituo cha afya. Alikuwa amekunywa kutoka chupa ya soda iliyoachwa kivulini shambani, akidhani ni maji. Ndani ilikuwa dawa ya kupulizia iliyopimwa kwa ajili ya jirani. Alikuja na mapovu mdomoni, jasho la kuloanisha shuka, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, mapigo ya moyo 48, presha 84 kwa 50 na oksijeni asilimia 81. Mapafu yalikoroma pande zote. Kituo cha afya kilikuwa kimempa atropini kidogo na kumwandikia rufaa haraka, na walifanya vyema.

Mwanafunzi aliitwa dharura na daktari wa zamu, jambo ambalo wiki tatu nyuma lisingetokea. Alipofika, mtaalamu wa usingizi alikuwa anavuta suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli, ili amwekee mgonjwa mpira wa kupumulia. Mwanafunzi alimwomba asitumie hiyo, akakimbia chumba cha upasuaji kuchukua rokuroniamu, nyingine ya kulegeza misuli. Kisha akageukia atropini. Daktari alikuwa ameandika miligramu 2 kila dakika 15. Mwanafunzi alipendekeza dozi iwe inaongezwa mara mbili kila dakika 5 hadi mapafu yasafike: 2, 4, 8, 16.

"Kumi na sita?" daktari alimuuliza mwanafunzi. "Dokta, una uhakika?"

"Nina uhakika. Tusikilize mapafu kila baada ya dozi, tukifika tunasimama."

Walifika baada ya ile 16, jumla miligramu 30. Mapafu yalikuwa safi, mapigo 96, presha 104 kwa 62, kwapa kavu. Wakaanzisha atropini ya mfululizo kwa pampu, miligramu 3 kwa saa, sawa na asilimia 10 ya jumla ile. Mgonjwa akapandishwa ICU.

*Jioni.* Kama saa 12 kasoro robo mapafu yalianza tena kukoroma. Alipewa miligramu 4 za haraka na pampu ikapandishwa hadi miligramu 5 kwa saa. Bomba la sindano la mililita 50 lilikuwa limejazwa atropini isiyochanganywa na kitu, kutoka ampuli za miligramu 1 kwa mililita. Kwa hiyo miligramu 5 kwa saa zilikuwa ni mililita 5 kwa saa, na kwenye karatasi ya dawa daktari aliandika "5 ml/saa". Hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu wakati ule halikuwepo.

Saa 12 mwanafunzi alifanya jambo ambalo kitabu cha famakolojia hakimwambii mtu afanye. Alizunguka dharura, ICU, chumba cha upasuaji na dirisha la usiku akihesabu ampuli kwa mkono. Pamoja na zilizokuwa tayari kwenye bomba, zilikuwa 48. Watu wa usingizi walihitaji 8 zibaki kwao kwa ajili ya upasuaji wa dharura. Zikabaki 40. Kwa miligramu 5 kwa saa, dawa ingeisha saa 8 usiku. Stoo kuu ilikuwa imefungwa, na mtunza stoo alikuwa msibani wilaya nyingine na funguo mfukoni.

Aliwapigia wafamasia wa hospitali tatu. Mmoja alikuwa na boksi mbili za ampuli 50, za miligramu 0.6 kwa mililita. Fomu ya kuazima ilipigwa picha ikatumwa kwa simu, boksi zikaja na bodaboda saa 5 usiku.

*Usiku.* Mwanafunzi alijua kabisa kwamba nguvu ya dawa imebadilika. Bomba jipya lingekuwa na ampuli 50 za miligramu 0.6, yaani miligramu 30 ndani ya mililita 50. Ili mgonjwa aendelee kupata miligramu 5 kwa saa, pampu ilipaswa kwenda mililita 8.3 kwa saa. Alimpigia msimamizi, akamsomea hesabu. Msimamizi aliirudia upande wa pili wa simu. "Nane nukta tatu, sawa." Daktari wa zamu alikata "5 ml/saa" kwenye karatasi, akaandika "8.3 ml/saa". Mwanafunzi na muuguzi wa usiku walikaa kuvunja ampuli 50, moja baada ya nyingine, kwa kipande cha gozi ili vioo visiwakate. "Dokta, hizi chupa zitatumaliza vidole," sista alisema, na kweli kimoja kilikatwa na kioo. Lebo ya bomba iliandikwa vizuri: atropini 30 mg kwenye 50 ml, 8.3 ml/saa. Bomba lilianza saa 8 usiku. Kwa mwendo ule lingeisha saa 2 asubuhi.

Mwanafunzi alikaa hadi saa 12 alfajiri. Mapafu yalikuwa safi, mapigo 92. Alimwambia muuguzi wa usiku kuwa kuna boksi moja imebaki kwa bomba la asubuhi, akaenda kulala.

*Jumapili asubuhi.* Mtunza stoo alirudi mapema kuliko alivyotarajiwa. Saa 1 na nusu, wakati wauguzi wanakabidhiana zamu, aliweka boksi mbili za ampuli za miligramu 1 juu ya toroli la ICU, kando ya ile boksi ya kuazima. Hakuna hata mmoja aliyefanya kosa hapo. Muuguzi wa mchana alikuta bomba linakaribia kuisha, akachukua boksi ya hospitali, akajaza ampuli 50, akaandika lebo sahihi kabisa: atropini 50 mg kwenye 50 ml. Karatasi ya dawa ilisema 8.3 ml/saa. Aliiacha pampu kwenye 8.3.

*Jumapili mchana.* Saa 6 na nusu mgonjwa alikuwa na mapigo 148, homa nyuzi 39.4, anahangaika na kuvuta mipira licha ya dawa ya kumtuliza. Daktari wa zamu ya mchana alifikiria nimonia ya kupaliwa, jambo la maana kwa mtu aliyefika na mapovu mdomoni. Aliandika meropenemu, antibiotiki, na kuongeza dawa ya usingizi.

Mwanafunzi alirudi saa 7. Alianza kwenye pampu kabla ya faili, akasoma namba, akasoma lebo ya bomba, akaangalia boksi kwenye toroli. Kisha akaweka stetoskopu tumboni kwa mgonjwa. Kimya. Kwa saa tano mgonjwa alikuwa amepata kama miligramu 41 badala ya 25.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuikataa suksametoniamu ulikuwa mwepesi. Kimeng'enya kinachoivunja ni ndugu wa kile kilichozuiwa na sumu, nacho huzuiwa vilevile, kwa hiyo dawa ambayo kwa kawaida hudumu dakika chache ingeweza kumlaza mgonjwa bila misuli kwa saa kadhaa.

Kuongeza atropini mara mbili kila dakika 5 kulihitaji ujasiri zaidi, maana dozi ya 16 inamtisha mtu aliyezoea ampuli moja kabla ya upasuaji. Mwanafunzi alikuwa na jaribio la Bangladesh lililochapishwa 2012 kichwani. Kundi lililopewa atropini kwa utaratibu wa zamani lilikuwa na vifo asilimia 22.5. Lililopandishiwa dozi haraka na kufuatiwa na dripu lilikuwa na asilimia 8. Lakini hakumnukulia daktari jaribio pale kitandani. Alimpa kipimo cha kusimamia: mapafu. Daktari anayeogopa dozi haokolewi na takwimu, anaokolewa na kujua ataona nini ndipo asimame.

Uamuzi uliozua mvutano ulikuwa wa pralidoksimu, dawa nyingine inayotumika dhidi ya sumu hii. Hospitali haikuwa nayo. Daktari bingwa, kwa simu, alitaka ndugu wapelekwe kuitafuta maduka ya nje. Mwanafunzi aliomba wasubiri. Shirika la Afya Duniani linaitaja dawa hiyo, lakini jaribio la Sri Lanka la 2009, lenye wagonjwa 235, halikuonyesha kwamba inapunguza vifo. Mke wa mgonjwa alikuwa ameshasikia jina la dawa kutoka kwa mtu koridoni.

"Daktari, shemeji yangu amesema tuko tayari kuuza mbuzi. Tuambieni tu bei."

"Mama," mwanafunzi alimjibu, "dawa inayomshikilia sasa hivi ni hii inayoingia. Ile nyingine hatuna uhakika kama itamsaidia. Msiuze kitu usiku huu. Kesho daktari bingwa akija tutakaa na ninyi tuongee."

Bingwa alikubali kusubiri, bila furaha. Kuna madaktari ninaowaheshimu ambao wangeagiza, na wana hoja, hasa mgonjwa akifika ndani ya saa chache. Nilichopenda ni kwamba mwanafunzi aliweka mbuzi wa familia kwenye hesabu moja na ushahidi, na akamrudisha bingwa kwenye mazungumzo badala ya kumfungia mlango.

Jumapili mchana swali lilikuwa ni lipi kati ya mawili: nimonia au atropini iliyozidi. Dalili za atropini kuzidi ni kuchanganyikiwa, homa na tumbo kunyamaza. Mapigo ya haraka peke yake hayatoshi kuhukumu. Mwanafunzi alipendekeza pampu isimamishwe, mgonjwa apozwe kwa maji na feni, apewe diazepamu, na mapafu yasikilizwe kila dakika 15. Hofu ya daktari ilikuwa ya haki: ukiizima atropini kwa mgonjwa wa sumu hii, mapafu yanaweza kujaa tena.

Ndipo likaja swali lililonishawishi kwamba huyu ameiva. Maelekezo yanayotumiwa sana husema, atropini ikizidi, simamisha kwa muda kisha anza tena kwa asilimia 70 hadi 80 ya kasi uliyokuwa nayo. Kasi ipi? Daktari alichukua iliyokuwa kwenye pampu, 8.3, akapata miligramu 6.6 kwa saa. Mwanafunzi alikataa. Miligramu 8.3 hazikuwahi kuwa dozi iliyochaguliwa kwa ajili ya mgonjwa huyu, zilikuwa ajali. Dozi ya mwisho iliyopimwa kwa mapafu yake ilikuwa 5, na asilimia 80 yake ni 4. Pampu ilisimama dakika 80 hivi, ikaanza tena kwa miligramu 4 kwa saa.

Kuhusu meropenemu walikutana katikati. Picha ya kifua ilipigwa na kuonyesha kivuli sehemu ya chini ya pafu la kulia. Daktari naye alikuwa ameona sawa. Walianza seftriaksoni, antibiotiki nyingine, meropenemu ikaachwa.

Matokeo

Kufikia saa 12 jioni ya Jumapili homa ilikuwa nyuzi 37.9, mgonjwa ametulia, na sauti za tumbo zimerudi. Siku ya tatu alishindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, ingawa mapafu yalikuwa safi na atropini inapungua. Huo ndio udhaifu wa misuli unaokuja kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu hii, na ndio sababu hakutolewa kwenye mashine siku ile ingawa kila namba nyingine ilikuwa inavutia. Atropini ilisimamishwa siku ya tano, baada ya zaidi ya miligramu 300. Mpira wa kupumulia ulitolewa siku ya tisa. Aliondoka wodini akitembea, wiki ya pili. Mbuzi hawakuuzwa.

Uchambuzi

Nianze na stoo, kwa sababu wengi hawaihesabu kama kazi ya kitabibu. Mwanafunzi aliyezunguka saa 12 jioni akihesabu ampuli 48 aliokoa usiku ule kuliko yeyote aliyekuwa na shahada zaidi yake. Bila hesabu ile, saa 8 usiku pampu ingelia na watu wangeanza kupigiana simu wakati mapafu yanajaa. Na alijua zibaki 8 kwa watu wa usingizi, kwa sababu mgonjwa wa upasuaji wa usiku naye ni mgonjwa. Uzoefu wa dirishani, ambao baadhi ya wahadhiri huuona kama doa linalopaswa kusuguliwa litoke, ndio uliofanya kazi hapa.

Kilichoshindikana kiko kwenye mstari mmoja wa karatasi ya dawa: "8.3 ml/saa". Mililita si dozi. Ni jinsi dozi ilivyobebwa siku hiyo. Tangu jioni karatasi ilikuwa inaagiza mililita, lakini maadamu kila mililita ilikuwa na miligramu moja, kosa halikuweza kuonekana. Ampuli za kuazima zilipokuja, mwanafunzi alirekebisha namba kwa usahihi wote na akaacha kipimo kibovu mahali pake. Namba sahihi ya saa 8 usiku ikawa sumu ya saa 2 asubuhi. Laiti karatasi ingesema "miligramu 5 kwa saa", muuguzi wa mchana angelazimika kugawanya mwenyewe, na kwa ampuli za miligramu 1 angepata 5.

Baadhi ya watu kwenye kikao cha kupitia kisa walitaka jina la muuguzi huyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Alitumia dawa ya hospitali yake, akaandika lebo ya kweli, akafuata karatasi iliyosainiwa na daktari. Kumdai agundue kwamba namba halali kwenye karatasi halali imeandikwa kwa ajili ya bomba lililotupwa ni kumdai kazi ambayo wenzake watatu wenye kalamu waliiacha. Alichoweza kufanya ni kulinganisha lebo ya bomba la zamani na jipya, na bomba la zamani lilikuwa tayari kwenye ndoo ya taka.

Sehemu ninayotaka wasimamizi waisome mara mbili ni ile simu. "Nane nukta tatu, sawa." Msimamizi alihakiki hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi. Hakuuliza karatasi itaandikwaje, wala bomba litakalofuata litatoka boksi ipi, wala nani atakuwa zamu litakapoisha. Usimamizi wa simu hukagua kile mwanafunzi anachokisoma kwa sauti. Hatari huwa kwenye kile ambacho hakuona haja ya kukisoma. Nimewasikia wasimamizi wengi wakijisifu kuwa wanapatikana saa 24. Kupatikana ni jambo jema, ila swali wanalouliza wakipatikana ndilo linalofundisha.

Kuna pia makabidhiano. Wauguzi wanakabidhiana zamu kwa kitabu, madaktari kwa raundi. Mfamasia hakabidhi kwa yeyote, kwa sababu hakuna mfamasia anayempokea. Mwanafunzi alimwambia muuguzi wa usiku kwa mdomo kwamba bomba la asubuhi litatoka boksi ya kuazima, na saa moja na nusu baadaye muuguzi huyo alikuwa anavua sare. Ujumbe ulitegemea kwamba stoo itabaki imefungwa. Ilipofunguliwa mapema, habari njema iliuvunja mpango.

Ukiuliza nini kilimfanya mwanafunzi agundue saa 7 mchana, jibu halifurahishi sana wanaotunga mitaala. Hakukumbuka orodha ya dalili kwanza. Alizoea kuanza na pampu. Msimamizi wake alimfundisha hivyo wiki ya kwanza: faili linakuambia kilichokusudiwa, pampu inakuambia kinachoingia. Daktari alianza na faili, akaona dozi ileile ya jana, akatafuta sababu mahali pengine. Njia yake ya kufikiri ilikuwa nzuri, na nimonia ilikuwepo kweli. Angeanza meropenemu, homa ingeshuka bomba litakapoisha au isingeshuka, na hakuna ambaye angejua ni kwa nini.

Hospitali ilibadilisha mambo matatu. Dawa zote za mfululizo ICU sasa huandikwa kwa miligramu au mikrogramu kwa saa kwanza, mililita zikifuata kwenye mabano pamoja na nguvu ya bomba. Dawa ya kuazima yenye nguvu tofauti haikai toroli moja na ya kawaida, inakwenda chumba cha upasuaji na ya upasuaji inahamia ICU, ili kitanda kimoja kiwe na nguvu moja tu. Na msimamizi anayeidhinisha kwa simu hutumiwa picha ya karatasi na lebo kabla ya kusema sawa. Funguo za stoo wikiendi bado ziko mfukoni mwa mtu mmoja. Hilo limejadiliwa kwenye vikao viwili na litajadiliwa cha tatu.

Tathmini ya mwanafunzi ilileta ubishi. Fomu ya zamu ya ICU ilikuwa na sehemu za ujuzi wa dozi, mawasiliano na ushahidi, na kote alistahili alama za juu. Mjumbe mmoja alitaka zipunguzwe, akisema madhara yalitokana na ushauri wake. Mwingine alitaka ziongezwe kwa sababu yeye ndiye aliyeyagundua. Kwangu mimi zote mbili ni kweli na hazifutani, na fomu iliyokosa sehemu ya kuandika kilichotokea baada ya ushauri kukubaliwa ndiyo iliyopaswa kupewa alama ndogo. Alifaulu zamu, kwa sharti kwamba atengeneze karatasi ya makabidhiano ya dawa za mfululizo na kuijaribisha ICU mwezi mzima.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na visanduku 22. Sista inchaji aliisoma akiwa amesimama, akachukua kalamu nyekundu, akabakiza vitano: jina la dawa, miligramu zilizomo kwenye bomba, miligramu kwa saa, mililita kwa saa, na bomba linalofuata litatoka boksi ipi.